Mwaka wa Mashine

Barua ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, na Shamsa aliambiwa mapema kabisa: kutazama ruksa, kugusa hapana.

"Basi ninyanyulie kwenye mwanga, afande. Macho yangu si ya paka."

Inspekta Lugano aliuinua mfuko hadi karibu na dirisha. Duka la Shamsa lilikuwa mkabala na stendi ya mabasi ya Same, chumba kimoja cha fotokopi na picha za pasipoti, na asubuhi hiyo ya Jumanne lilikuwa limejaa watu wenye bahasha za kuombea kazi. Shamsa aliwatoa wote nje kwa maneno mawili na kufunga nusu ya mlango. Mama huyu alikuwa ametengeneza printa kwa miaka ishirini na tano, kwanza za ofisi za watu, kisha zake mwenyewe, na Lugano hakumjua mwingine wa kumuuliza.

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne. Maandishi yake ya zambarau yalikuwa ya herufi kubwa tupu, na kila herufi imeundwa kwa nukta nukta.

ALHAMISI 18 SEPTEMBA 1997. ELIUFOO MDOGO WANGU. MAJI YA BABA YALIKUWA YETU SOTE NAMI NIKAYAFANYA YANGU. NIMECHOKA NA UGOMVI. KUANZIA LEO ZAMU YANGU YA ALHAMISI NI YAKO. NITAKUFUNGULIA KWA MKONO WANGU. MAMA ANAPIKA MAKANDE. TWENDE TUKALE WOTE. LOTH.

"Printa ya sindano," Shamsa alisema. "Kichwa chake kina sindano tisa, zinagonga utepe wa wino, nukta moja moja. Ona hapa, sindano moja imekufa. Ndiyo maana kila herufi ina mstari mweupe kiunoni."

"Ni ya zamani?"

"Zamani mno! Enzi za zile kompyuta za nyumbani, unachomeka kwenye televisheni, na programu yenyewe iko kwenye kaseti kama muziki. Si tarehe hiyo hapo? Tisini na saba. Hata mwaka huo wenyewe tayari ilikuwa ya kizamani."

Lugano hakufurahi kusikia hivyo. Alikuwa amekuja akitumaini kusikia kinyume chake.

"Imelala majini usiku kucha. Mbona haikuchuruzika?"

"Hapo sasa umeuliza la maana. Wino wa utepe ungelowa ungetapakaa wote. Hii ni kaboni, ile ya vitabu vya risiti. Huyu mtu ametoa utepe, akalaza karatasi ya kaboni juu ya karatasi nyeupe, sindano zikagonga hapo. Ni ujanja wa mtu aliyekosa utepe."

"Mwaka tisini na saba tepe zilikuwa hazipatikani?"

"Zilikuwa tele. Hata hapa Same zilikuwepo." Shamsa aliinua mabega. "Labda alikuwa bahili. Watu wa milimani nawajua mimi, na mume wangu mmoja wao."

Lugano aliurudisha mfuko kwenye mkoba. Alishukuru, akatoka, akasimama kidogo kwenye kivuli cha ukuta kabla ya kupanda pikipiki ya kituo. Alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, mwaka wake wa kumi na moja Same, na katika miaka yote hiyo hajawahi kuona jalada lililomkaa vibaya namna hii.

Lenyewe lilikuwa jepesi, na wepesi huo ndio uliomkera. Loth, mkulima wa Mhezi mwenye umri wa miaka hamsini na mitano, alikutwa Ijumaa asubuhi chini ya ukuta wa ndiva, lile bwawa la mawe ambamo wanakijiji hukinga maji na kumwagilia kwa zamu. Kisogo kilikuwa kimepasuka juu ya jiwe, mwili umelala kwenye maji ya mfereji, na ile barua ilikuwa mfukoni mwake. Daktari aliandika kwamba hakufa papo hapo. Alikaa pale akiwa hai kwa saa mbili, pengine tatu. Alhamisi ilikuwa zamu ya Loth mwenyewe, lakini maji yalikutwa yamegeuziwa mfereji wa mdogo wake, Eliufoo. Ndugu hawa walikuwa hawasalimiani tangu baba yao afariki. Na Ijumaa hiyo, kiangazi kikali, mvua haijanyesha miezi miwili, mabuti ya mpira ya Eliufoo yalikutwa mlangoni kwake yana tope bichi. Alipoulizwa limetoka wapi, alisema hajui. Alipoulizwa kama kaka yake aliwahi kumwandikia barua ya kumwachia zamu, alisema hajawahi kuandikiwa barua na Loth maishani mwake.

Afande Paschal, mkuu wake Lugano, alipiga meza kwa kiganja. "Umesikia huo uongo? Barua ipo! Kaahidiwa maji mwaka tisini na saba, hakupewa. Kaitunza miaka ishirini na minane. Alhamisi kampelekea mwenyewe: soma, hili si jina lako? Mwenzake kaitia mfukoni, kamcheka. Kasukumwa. Kesho asubuhi jalada linakwenda mahakamani, shtaka la mauaji."

"Afande, tumwoneshe barua."

"Kielelezo hakitembezwi kama picha za harusi. Una leo tu."

Basi Lugano alikuwa na leo tu.

Alifika Mhezi saa tano na nusu, vumbi la barabara limemjaa hadi kwenye nyusi. Nyumba ya msiba haikuhitaji kuuliziwa. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka upande wa jikoni, wanaume kwenye mabenchi, na hakuna aliyeimba. Kilichomshangaza ni jembe. Lilikuwa limeegemezwa kwenye mgomba, mahali palipopimwa kaburi kwa kamba na vigingi vinne, na ardhi iliyo ndani ya kamba ilikuwa haijaguswa.

"Mazishi si kesho?" alimuuliza Sifael, mwenyekiti wa kitongoji, aliyekuja kumpokea.

"Kesho. Bibi kakataa lisichimbwe."

Bibi Asteria, mama wa marehemu na wa mshukiwa, alikuwa chumbani juu ya godoro lililotandikwa chini. Alikuwa mdogo wa umbo, kitenge kimefungwa kifuani. Lugano alivua kofia na kuchuchumaa.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Umemleta?"

"Hapana, mama. Bado."

"Basi umekuja kufanya nini?" Hakuuliza kwa hasira. "Loth ni wa kwanza, Eliufoo ni wa mwisho. Katikati nilizika watatu wachanga, na kila mara baba yao alipiga jembe la kwanza. Sasa baba hayupo. Jembe la kwanza ni la Eliufoo. Mpaka aje."

"Na asipokuja, mama?"

"Basi mwanangu atakaa huko kwenye mafriji yenu. Mimi sizikiwi Loth na wageni wakati ndugu yake yuko hai."

Lugano alifungua daftari. Akauliza alichokuja kuuliza. "Alhamisi ulimwona Loth?"

"Alipita saa tisa. Akaniambia, mama, pika makande, weka mengi. Nikamuuliza, una wageni? Akacheka. Siku nyingi sijaona mwanangu anacheka vile, nikamwona na lile pengo lake. Akasema, mgeni mmoja tu, na unamjua." Bibi alikaza fundo la kitenge. "Nilipika. Yakapoa. Nikayafunika. Asubuhi ndipo wakaja kuniambia."

Machozi yalimtoka bila sauti, na Lugano naye ilibidi atazame pembeni. Aliandika katika daftari: *makande, mgeni mmoja*. Akaaga.

Alimwomba Sifael ampeleke kwenye ndiva. Wenzake walioitwa Ijumaa walipima ukuta, walipiga picha jiwe, wakateremka. Lugano alifanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya: aliufuata mfereji. Chini ya ukuta maji yalikuwa na njia mbili, moja ya shamba la Loth, moja ya Eliufoo. Ile ya Loth ilikuwa imezibwa kwa udongo na vipande vya mgomba vilivyopangwa taratibu, vimekandamizwa kwa miguu. Hii haikuwa kazi ya mtu mwenye haraka. Ile ya Eliufoo ilikuwa wazi. Waliifuata ikizunguka ubavu wa mlima, wakapita tangawizi ya jirani, wakafika kwenye shamba la maharage la Eliufoo kwa mwendo wa dakika kumi.

Hapo Lugano alisimama.

Mdomo wa shamba ulikuwa umezibwa. Tope lilishakauka, lakini alama za mabuti ya mpira zilibaki ndani yake, na za jembe, zimekatwa kwa nguvu kupita kiasi. Pembeni mfereji ulikuwa umetobolewa, maji yakamwagika yote korongoni. Maharage yenyewe yalikuwa yamenyauka, udongo umepasuka.

"Mwenyekiti, mwizi wa maji huyafanyia nini maji aliyoiba?"

"Anamwagilia, si ndiyo?"

"Huyu kayafukuza."

Sifael alikuna kidevu. "Maji yasiyo ya zamu yako yakikutwa shambani kwako, faini ni mbuzi. Na jina lako linasomwa mbele za watu. Mtu mwenye akili atayafukuza."

Kwa hiyo tope la mabuti lilitoka hapa, wala si ukutani. Ni dalili nzuri, lakini peke yake haitoshi kumtoa mtu. Afande Paschal angesema kaua kwanza, kisha kaogopa faini. Walirudi juu. Njia ilipita kando ya kanisa la Kilutheri, na pale ukumbini palikuwa na ubao wa matangazo. Lugano aliutupia jicho kwa mazoea tu ya kazi.

Karatasi ya katikati ilikuwa na maandishi ya zambarau, herufi kubwa, nukta nukta, na mstari mweupe kiunoni.

ZAMU ZA MAJI. JUMATATU 22 HADI JUMAPILI 28 SEPTEMBA 1997.

"Lo!" alisema kwa sauti. Karatasi ya miaka ishirini na minane, nyeupe namna ile, na pini zake hazina hata kutu? Alisogea. Alisoma majina moja baada ya jingine hadi siku ya Alhamisi, na hapo akarudia kusoma.

ALHAMISI 25. LOTH (MAREHEMU). MAJI YATUMIWE NA WAFIWA.

"Mwenyekiti. Karatasi ya mwaka tisini na saba imejuaje kwamba Loth amekufa?"

Sifael alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. "Hii ni ya juzi, inspekta. Jumapili. Huo ni mwaka wa mashine."

"Mwaka wa nini?"

"Wa mashine ya Mzee Melkizedeki. Iko nyuma. Kila mtu anajua."

"Sisi hatujui!"

"Ah," alisema Sifael, na uso ukaanza kumbadilika. "Kwani ninyi mmeona wapi karatasi yake?"

Mzee Melkizedeki aliishi hatua mia mbili kutoka kanisani, katika nyumba ya matofali yenye dirisha la vioo vidogo vidogo. Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Enzi zake alikuwa karani kwenye shamba la katani kule bondeni upande wa Makanya, na huko ndiko mhasibu mmoja, akifungasha kurudi kwao mwaka themanini na nane, alimwachia kompyuta yake ya nyumbani badala ya kuitupa. Lugano alipoingia na Sifael, mzee alikuwa ameketi mbele ya kompyuta hiyo, lakini haikuwashwa. Ilikuwa kama taipureta bapa ya rangi ya maziwa yaliyochacha, waya wake umeingia kwenye televisheni ndogo, na kando yake palikuwa na kinasa kaseti na printa isiyo na kifuniko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nilijua mtakuja. Mmechelewa tu."

"Naomba unioneshe inavyofanya kazi."

Mzee hakuuliza kwa nini. Alibonyeza kaseti, ikapiga mluzi na kukoroma kwa dakika nne nzima huku wote watatu wakiisikiliza. Kisha skrini ikaandika: TAREHE? Akapachika kwenye printa karatasi moja nyeupe, akalaza juu yake karatasi ya kaboni. Mahali pa utepe palikuwa patupu, vijigurudumu vyake vimeng'olewa. Roli la kubebea karatasi lilivishwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli.

"Utepe wa mwisho niliupaka masizi na mafuta ya nyonyo hadi ukachanika," alisema mzee. "Mwaka elfu mbili na sita nikahamia kaboni. Ila sindano haziumi vizuri juu ya kaboni, ndipo nikalivisha roli mpira, liwe laini. Na moja imekufa, nimeiacha ipumzike. Wajukuu wananiambia, babu, nunua simu. Simu haitundikwi ubaoni."

"Andika tarehe ya leo."

Mzee aliandika 23, kisha 9, kisha 97. Skrini ikajibu: JUMANNE.

"Na ukiandika ishirini na tano?"

"Itadhani ni elfu moja mia tisa ishirini na tano. Programu hii niliitunga mwenyewe, na mwaka niliupa tarakimu mbili tu. Nani alijua nitaishi hivi? Elfu mbili ilipofika nikaandika sifuri mbili, mashine ikadhani ni 1900, Jumamosi ikaiita Jumatatu. Watu wakaenda kwenye maji siku zisizo zao, nusura wakatane majembe. Nikakaa na kalenda wiki nzima. Nikaona siku zinajirudia sawasawa kila miaka ishirini na minane. Mwaka elfu mbili nikauita sabini na mbili. Huu wa sasa ni tisini na saba. Nilitangaza kanisani mara moja, basi. Hata watoto wa chekechea wanajua."

"Na mtu akija kuandikiwa barua?"

Kidole cha mzee kilibaki juu ya kitufe. "Tarehe inajiweka yenyewe. Siwezi kuitoa."

Lugano aliufungua mkoba na kuuweka mfuko wa plastiki juu ya meza. Mzee Melkizedeki hakuusoma. Aliutambua kwa rangi, akafumba macho.

"Alikuja Alhamisi hii iliyopita," alisema. "Saa nane mchana. Mkono wake Loth ulikuwa hauna mwandiko, aliacha shule darasa la tatu ili mdogo wake asome. Unajua hilo? Alitaka niandike *samahani* tu, neno moja. Mimi nikajifanya mzee wa kanisa. Nikamwambia, Loth, taja kosa lenyewe. Akakaa hapo ulipokaa wewe, akalia, akataja."

"Mzee, kwa nini hukuja kituoni? Mtu yuko ndani siku ya tano leo!"

"Kwa sababu nilidhani aliipeleka!" Sauti ilimpasuka. "Nilidhani Eliufoo aliisoma. Kwamba kuona kosa limeandikwa, nyeusi kwa nyeupe, hasira za miaka yote zikampanda, wakashikana. Nikasema, Melkizedeki, umewachonganisha watoto wa rafiki yako kwa mashine yako. Ningekuja kusema nini? Kwamba sababu ya kumuua nilimwandikia mimi?"

"Haikufika," alisema Lugano. "Ilikuwa mfukoni mwa Loth, mzee. Eliufoo hajaiona mpaka leo."

Mzee aliitoa kaboni kwenye printa kwa vidole viwili na kuielekeza dirishani. "Nabadilisha kaboni kila baada ya wiki mbili. Hii ina barua ya Alhamisi, na juu yake orodha ya Jumapili. Chukua na kioo changu cha kunyolea, maana herufi zimegeuka."

Lugano alishika kaboni mkono mmoja, kioo mkono mwingine. Palikuwa na msongamano wa majina na siku, mstari juu ya mstari, lakini penye nafasi barua ilisomeka. *MAJI YA BABA.* Na chini kidogo, kutoka orodha ya Jumapili, *MAREHEMU*. Maneno hayo mawili yalikuwa kwenye ngozi moja ya kaboni, ya wiki moja. Hakuna wakili duniani ambaye angeweza kuyarudisha miaka ishirini na minane.

"Nitakuhitaji kwa maelezo, mzee. Kwa sahihi."

"Nitashuka na wewe sasa hivi," alisema Melkizedeki, na akaanza kutafuta koti.

Kituoni Same, Afande Paschal aliitazama kaboni kwenye kioo, akaitazama orodha iliyobanduliwa ubaoni, akayasoma maelezo ya mzee mara mbili. Ilikuwa inakaribia saa kumi jioni. Hakupiga meza.

"Kwa hiyo alifungua maji kwa mkono wake, kama alivyoandika. Akapanda ukutani."

"Jiwe la juu lina utelezi maji yakitoka, afande. Nimelijaribu mwenyewe, nimeteleza. Hakuna alama za mtu wa pili pale, na mabuti ya Eliufoo yalikanyaga shambani kwake tu."

"Na mimi nikamwita mwongo." Paschal aliivua miwani. "Mtoe. Ila kwanza mwoneshe hiyo barua. Wewe. Mimi sina uso."

Eliufoo alikuwa na miaka hamsini, lakini siku tano za mahabusu zilikuwa zimemtia mingine kumi. Alisoma barua kupitia plastiki, akisogeza kidole chini ya kila neno. Alipofika kwenye makande alirudi mwanzo.

"Mwaka wa mashine," alisema polepole. "Hii ni ya Alhamisi."

"Ya Alhamisi. Aliiandikisha saa nane. Alikuwa anakuletea akishakufungulia maji."

Eliufoo aliiweka barua chini. Alizidi kuiangalia.

"Tope la mabuti," Lugano alisema. "Najua sasa. Nimeuona mdomo wa shamba. Ungetuambia."

"Ningewaambia nini? Kwamba maji ya zamu ya Loth yalikuwa shambani kwangu?" Eliufoo aliinua macho. "Yalikuja kama saa kumi na mbili jioni, afande. Niliyasikia kabla ya kuyaona. Nikasema, huyu ananitega. Ananifungulia ili aite watu, nionekane mwizi, nitozwe mbuzi. Nikachukua jembe. Nikaziba. Nikamtukana kwa sauti, nimeelekeza uso kule juu, nikamtukana mama yangu mwenyewe humo humo, maana mama yetu ni mmoja. Nilitaka kupanda nikampige. Nikasema, ah, si ndicho anachotaka. Nikaenda kulala."

Lugano alifunika kalamu.

"Kutoka shambani kwangu hadi ndiva ni dakika kumi," alisema Eliufoo. "Afande. Alikufa saa ngapi?"

Ripoti ya daktari ilikuwa ndani ya jalada, karatasi ya pili kutoka juu. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi Lugano alikuwa amewasomea wafiwa karatasi za namna hiyo bila kuruka mstari, na alijisifu kwa hilo.

"Papo hapo alipoanguka," alisema. "Hakuhisi kitu."

Eliufoo alimtazama usoni, akamtazama sana, kama anavyotazamwa mtu anayeuza ng'ombe.

"Siku tano mimi nimesema sikumuua, na hapa hakuna aliyeniamini," alisema. "Na wewe leo unanidanganya. Ila nashukuru. Mungu akubariki."

Askari alifungua mlango. Nje, kwenye benchi, Mzee Melkizedeki alisimama kwa shida na kunyoosha mikono yote miwili, na Eliufoo akaiendea. Walikaa hivyo, mzee akimnong'oneza habari za jembe na mama yake, mpaka askari wa zamu akajifanya ana kazi kwingine. Kisha Eliufoo akageuka.

"Afande, mabuti yangu."

"Yale ni vielelezo. Yana lebo."

"Nayataka. Mama ananisubiri kwenye kaburi, na huko kwetu ardhi ni mawe."

Lugano alikwenda stoo mwenyewe. Mabuti yalikuwa ndani ya mfuko wa kaki, tope la Alhamisi bado limeyaganda hadi kwenye vifundo. Alikata lebo kwa wembe, akayatoa nje, na alipotaka kuyagonga ukutani ili tope lidondoke, Eliufoo alimshika mkono.

"Acha," alisema. "Hayo ni maji aliyonipa."